Johannesburg: Kupima kuta au kupima malezi?

Afrika Kusini inafahamu, kwa takwimu zake yenyewe, kwamba watoto wake wengi hufika mlango wa shule wakiwa tayari wameachwa nyuma. Mjadala uliopo ni wa mizani: kituo cha kulelea watoto kipimwe kwa jengo lake, au kwa kile anachokipata mtoto ndani ya jengo hilo? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua fedha za serikali ziende wapi.

Kabla jua halijachomoza, maelfu ya akina mama wa Soweto, Alexandra, Diepsloot na Orange Farm huwakabidhi watoto wao kwa wanawake wengine, kisha huwahi teksi za abiria kwenda kufanya kazi katika nyumba, maduka na ofisi za Sandton, Rosebank na katikati ya jiji la Johannesburg. Wengi hurejea giza likiwa limekwisha kuingia.

Mtoto hushinda wapi wakati huo wote? Huenda ni katika kituo chenye jengo la matofali, uzio na bembea. Huenda pia ni katika chumba cha mabati uani kwa mama mtu mzima, ambaye watu wa mtaa humwita gogo, yaani bibi kwa lugha ya Kizulu.

Anayetazama kwa nje hatasita kusema kituo bora ni kipi kati ya hivyo viwili. Tafiti za miongo kadhaa zinaonya kwamba huenda akakosea.

Takwimu zilizolishtua taifa

Mwezi Aprili mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa kitaifa ujulikanao kwa jina la Thrive by Five Index. Watoto zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka minne hadi mitano walikuwa wamepimwa mwaka uliotangulia katika mikoa yote tisa ya nchi hiyo. Asilimia 57 kati yao walikutwa hawajafikia kiwango kinachotarajiwa kwa umri wao.

Uzito wa habari hiyo haukuwa katika asilimia peke yake. Watoto waliopimwa ni wale waliokuwa wakihudhuria vituo vya malezi na shule za chekechea, ambao wazazi wengi hujinyima ili kulipa ada zao. Nje ya hesabu hiyo walibaki watoto zaidi ya milioni moja, wa umri wa miaka mitatu hadi mitano, ambao hawakuwa na kituo chochote.

Kwa maneno mengine, kumpeleka mtoto kituoni hakukutosha. Swali likageuka kutoka idadi ya nafasi na kuwa ubora wa malezi yanayotolewa.

Chombo kilichotumika kuwapima watoto hao huitwa kwa kifupi ELOM. Kilibuniwa nchini humo na watafiti wakiongozwa na Andrew Dawes na Linda Biersteker, na kikaanza kutumika mwaka 2016. Mtoto hupewa kazi ndogo ndogo zinazofanana na mchezo, na matokeo yake hupangwa katika maeneo matano: matumizi ya viungo vya mwili, uwezo wa vidole na macho kushirikiana, hesabu za awali, fikra na kujitawala, na hatimaye lugha na misingi ya kusoma.

Johannesburg yenyewe si mgeni katika utafiti wa aina hii. Mwaka 1990, miezi michache tu baada ya Nelson Mandela kutoka gerezani, watafiti walianza kuwafuatilia watoto 3,273 waliozaliwa Soweto na Johannesburg katika majuma machache ya mwaka huo. Utafiti huo, uliopewa jina la Birth to Twenty na kuendelezwa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, uliwafanya watoto hao waitwe na wengi "watoto wa Mandela".

Ulipounganishwa na tafiti kama hizo za Brazil, Guatemala, India na Ufilipino, ulionyesha kwamba jinsi mtoto anavyokua katika miaka yake miwili ya kwanza kunahusiana na kiwango cha elimu atakachofikia baadaye. Jambo hilo lina uzito wa pekee katika nchi ambayo, kwa mujibu wa uchunguzi wa afya wa mwaka 2016, asilimia 27 ya watoto wake wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa.

Mizani ya sheria

Sheria ya Watoto namba 38 ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kikamilifu Aprili 2010, inamtaka yeyote anayelea watoto zaidi ya sita kwa niaba ya wazazi, awe analipwa au halipwi, asajiliwe. Viwango vinavyoambatana nayo vinataja nafasi ya mita moja na nusu ya mraba kwa kila mtoto ndani ya chumba, na mita mbili za mraba uwanjani. Vinataja pia idadi ya vyoo, pamoja na mlezi mmoja kwa watoto sita walio wachanga na mmoja kwa watoto 20 wa miaka mitatu na minne.

Juu ya hayo, halmashauri ya jiji hudai kibali cha matumizi ya ardhi, cheti cha afya ya mazingira na uthibitisho wa usalama dhidi ya moto. Kwa miaka mingi usajili wenyewe ulikuwa wa mara mbili: kituo kama mahali pa kutunzia watoto, na programu ya mafunzo inayotolewa humo.

Hakuna awezaye kudharau masharti hayo. Moto katika makazi ya mabati huenea kwa dakika chache, na maji machafu huua watoto. Dola isiyokagua mahali wanapolala watoto wa raia wake imekwepa wajibu wake wa kwanza.

Hata hivyo, masharti hayo yana upande wa pili. Mwanamke anayeishi katika makazi yasiyopimwa hana hati ya kiwanja, na asiye na hati hawezi kupata kibali cha matumizi ya ardhi. Bila kibali hicho hasajiliwi, hata kama watoto anaowalea wanakua vizuri kuliko wenzao wa mtaa wa pili.

Sensa ya vituo iliyofanywa mwaka 2021 iliyaweka mambo hayo wazi. Ilihesabu vituo na programu 42,420 zenye watoto wapatao milioni 1.66. Ni takriban asilimia 40 tu zilizokuwa zimesajiliwa, na theluthi moja tu ndizo zilizokuwa zikipokea ruzuku ya serikali.

Fedha hufuata cheti

Ruzuku hiyo ndiyo kiini cha mvutano. Tangu mwaka 2019 ilikuwa randi 17 kwa mtoto mmoja kwa siku, ikihesabiwa kwa siku 264 za mwaka, na ikabaki hapo kwa miaka sita huku bei ya unga, mafuta na gesi ikizidi kupanda. Bajeti ya mwaka 2025 iliipandisha hadi randi 24, na serikali ikatenga randi bilioni 10 kwa miaka mitatu kwa ajili hiyo na kwa ajili ya kuwafikia watoto 700,000 zaidi.

Kwa kituo chenye watoto 30 wanaostahiki, randi 24 ni sawa na randi 720 kwa siku, au takriban randi 190,000 kwa mwaka. Kwa fedha hizo chakula hupatikana, mlezi hulipwa, na pengine kununuliwa vitabu vya picha. Kituo kisichosajiliwa hutegemea ada ya wazazi peke yake, nao wazazi wa mahali hapo ndio wasio na cha kulipa.

Hapo ndipo mizani inapogeuka kuwa mtego. Kituo maskini hakisajiliwi kwa sababu ya jengo lake. Kwa kutosajiliwa hakipati ruzuku. Na kwa kukosa ruzuku hakiwezi kulitengeneza jengo. Aliyeandika sharti alikusudia kumlinda mtoto, lakini anayelipa gharama ya sharti ni mtoto huyo huyo.

Tarehe mosi Aprili 2022 dhamana ya vituo hivyo ilihamishwa kutoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii kwenda Wizara ya Elimu ya Msingi. Wapo walioona hatua hiyo kuwa ni kubadilisha ofisi tu. Wengine waliiona kuwa ni ungamo la serikali kwamba malezi ya awali ni sehemu ya elimu.

Mwaka 2025 ilianzishwa kampeni ya usajili wa pamoja iitwayo Bana Pele, maneno ambayo msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani mkubwa kuyaelewa: watoto mbele. Lengo lilikuwa kusajili vituo 10,000 kufikia mwisho wa mwaka huo, kwa utaratibu mwepesi unaoanzia ngazi ya shaba, yaani usalama wa msingi, kabla ya kupanda hadi fedha na dhahabu.

Ni hatua ya busara. Lakini inaacha wazi swali gumu zaidi: ngazi za juu zitapima nini?

Kinachojenga akili ya mtoto

Ushahidi wa kuhuzunisha zaidi juu ya swali hilo ulitoka mbali na Afrika. Mwaka 2000 watafiti wa Kimarekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kuwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika taasisi za kulelea watoto walioachwa na wazazi mjini Bucharest, Romania. Watoto hao walikuwa na paa, kitanda na chakula. Walichokosa ni mtu mzima mmoja aliyewajua kwa majina na kuitikia walipolia.

Waliohamishiwa kwenye familia za kuwalea, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walipata nafuu kubwa kuliko waliobaki katika taasisi. Jengo halikuziba pengo la mlezi.

Mfano wa pili ni wa Kingston, Jamaica. Kuanzia mwaka 1986 Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwashughulikia watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila juma, kwa miaka miwili, na wahudumu wa afya wa kawaida waliowaonyesha akina mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa kutumia vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono. Miaka 20 baadaye, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, mapato ya watoto hao yalikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko ya wenzao wasiotembelewa.

Hakuna aliyejenga ukumbi huko Kingston. Kilichoongezwa ni mazungumzo na mchezo.

Mwaka 1980 Thelma Harms na Richard Clifford wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichapisha kipimo cha ubora wa madarasa ya watoto wadogo kiitwacho ECERS. Mkaguzi hukaa darasani kwa saa kadhaa, kisha hutoa alama kuanzia moja, kwa hali isiyofaa, hadi saba, kwa hali iliyo bora kabisa. Miaka mingi baadaye Robert Pianta wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walileta kipimo kingine, CLASS, kinachoacha samani na kuta na kutazama tu jinsi mwalimu na mtoto wanavyohusiana.

Mwelekeo huo wa kutoka vitu kwenda kwa watu haukuja kwa bahati. Nchini Uingereza, utafiti wa EPPE ulioanza mwaka 1997 na kufuatilia watoto wapatao 3,000 ulionyesha kwamba vituo vyenye walezi waliosoma na wanaofikiri pamoja na mtoto, badala ya kumwamuru tu, huzaa matokeo bora zaidi.

Somo la Mombasa na Zanzibar

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano wenye mafunzo zaidi uko nyumbani. Mwaka 1982 Aga Khan alikutana na viongozi wa Kiislamu wa Mombasa waliotaka watoto wao wapate msingi wa shule bila kupoteza dini na mila zao. Kazi hiyo ilimwangukia Bi Swafiya Said, na mwaka 1986 shule ya kwanza ya chekechea ya mpango wa Madrasa ikafunguliwa. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Shule hizo ziliendeshwa na jamii zenyewe, katika majengo ya kawaida. Vifaa vya kujifunzia vilikuwa vifuu, vizibo vya chupa, mbegu na makombe ya pwani. Kilichogharimiwa kwa dhati ni mafunzo ya walimu, ambao wengi wao walikuwa wanawake wa mtaa huo huo, pamoja na wakufunzi waliowatembelea mara kwa mara madarasani.

Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliwapima watoto 423 wa Kenya, Zanzibar na Uganda, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008. Watoto waliohudhuria chekechea ya aina yoyote walisonga mbele kuliko waliobaki nyumbani, na wa Madrasa walisonga zaidi. Katika kazi yao iliyofuata, mwaka 2011, watafiti hao walihusisha maendeleo ya mtoto na ubora wa darasa, ubora uliopimwa kwa ECERS iliyorekebishwa ili ilingane na mazingira ya Afrika Mashariki.

Jambo hilo la kurekebisha si dogo. Kipimo kilichozaliwa Marekani kinahesabu vifaa ambavyo kifuu na kizibo havimo katika orodha yake. Aliyekihamisha bila kukitafsiri angeiona Pwani kuwa haina kitu, ilhali mtoto alikuwa akijifunza kuhesabu.

Kipimo nacho kina mipaka

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba Johannesburg iache kupima kuta na ianze kupima malezi. Lakini hilo nalo lina vikwazo vyake, na wanaolitetea hawana budi kuvikubali.

Kikwazo cha kwanza ni kwamba uhusiano kati ya alama za kituo na maendeleo ya mtoto, ingawa upo, mara nyingi ni mdogo. Uchambuzi wa takwimu za kitaifa za Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta alama za ECERS zikieleza kidogo mno juu ya hali ya watoto. Utafiti mwingine wa huko, ulioanza mwaka 1991 na kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,300 katika maeneo kumi, ulionyesha kwamba familia ina uzito zaidi kuliko kituo.

Cha pili ni kwamba mwenye nacho huchagua kituo kizuri, na mtoto wake angefanya vyema hata bila kituo hicho. Mtafiti asipokuwa mwangalifu hukisifu kituo kwa kazi iliyofanywa na kipato cha baba na elimu ya mama.

Cha tatu ni lugha. ELOM ipo katika lugha zote 11 za kusemwa zilizo rasmi nchini Afrika Kusini, jambo la kupongezwa. Lakini katika mitaa ya Yeoville, Berea na Hillbrow wapo watoto ambao nyumbani husikia Kiswahili, Kilingala au Kifaransa, kwa kuwa wazazi wao walitoka Kongo, Burundi au Tanzania. Mtoto asiyeelewa swali si lazima awe hajui jibu, na karatasi ya matokeo haina nafasi ya kueleza tofauti hiyo.

Cha nne, na pengine kikubwa kuliko vyote, ni matumizi ya kipimo. Alama zikitumiwa kuadhibu, walezi watawafundisha watoto namna ya kujibu mtihani, au watakataa kuwapokea watoto wazito wa kujifunza. Zikitumiwa kusaidia, zitaonyesha ni mlezi yupi anahitaji mafunzo, ni kituo kipi kinahitaji chakula, na ni gogo yupi wa kufundisha wenzake.

Wapo wanaosema kwamba kazi hiyo ni ghali mno. Hesabu nyepesi inatoa picha tofauti. Mkaguzi mmoja akikaa katika kituo kimoja kwa siku, siku 200 kwa mwaka, vituo vyote 42,420 vingepitiwa mara moja kwa mwaka na wakaguzi takriban 212. Kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 60, hilo si jeshi.

Ghali zaidi ni kinachofuata ukaguzi. Mlezi aliyeambiwa kwamba hazungumzi vya kutosha na watoto, huku akilea 40 peke yake kwa mshahara ulio chini ya kima cha chini cha kisheria, hakuambiwa jambo asilolijua. Kipimo bila msaada ni lawama iliyoandikwa vizuri.

Saa ya mtoto

Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sheria ya Afrika Kusini imekuwa ikiuliza zaidi mtoto analelewa wapi, na kidogo sana analelewa vipi. Kinachotakiwa ni kuyapanga maswali hayo mawili kwa zamu yake: usalama uwe kizingiti cha kuingilia, na ruzuku ianze hapo, kisha ngazi za juu zipatikane kwa malezi yanayoonekana, hata kama sakafu ni ya udongo.

Rais Cyril Ramaphosa alitia saini Septemba 2024 sheria inayofanya mwaka wa maandalizi kabla ya darasa la kwanza kuwa wa lazima. Ni hatua muhimu, lakini mtoto huanza mwaka huo akiwa na miaka mitano au karibu yake, na sehemu kubwa ya msingi wa akili na lugha imekwisha kuwekwa.

Utafiti wa kimataifa wa PIRLS wa mwaka 2021 ulikuta asilimia 81 ya wanafunzi wa darasa la nne nchini humo hawawezi kusoma na kuelewa, katika lugha yoyote ile. Watoto waliopimwa na Thrive by Five katika mwaka huo huo, kwa mpangilio wa kawaida wa madarasa, hufika darasa la nne mwaka 2026.

Kati ya vipimo hivyo viwili ipo miaka mitano. Kwa serikali huo ni muhula mmoja wa uongozi, na muda wa kutosha kubadilisha wizara, kuandika miongozo na kuzindua kampeni. Kwa mtoto wa Orange Farm aliyekuwa na miaka minne, ulikuwa zaidi ya nusu ya maisha yake.